Waridi la Shituru

Jarida letu la wapenda maua hapa Likasi lina kurasa nane tu, tena za fotokopi, lakini lina sheria yake: hakuna njia ya kulima inayochapishwa kabla mmoja wetu hajaijaribu nyumbani kwake.

Mama mmoja wa mtaa wa Shituru, muuza vitenge, alituletea makala. Aliandika kwamba waridi linachanua nyuma ya nyumba yake, karibu na kiwanda cha shaba, kwenye udongo unaoua hata majani, kwa sababu anauchanganya na majivu ya makaa. Mwenyekiti wetu aliisoma kikaoni, akaisukuma pembeni akisema ni uongo.

“Mama, hii ni bongo. Weye ulibeba udongo ya muzuri ya kule Mulungwishi!”

“Minye? Nibebe udongo na haya magoti?”

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alikwisha kutangaza mtaani kwake kwamba makala yake itachapishwa kwenye jarida, na sasa alikuwa anaitwa mwongo mbele yetu sote. Kamati ilinipa mimi kazi ya kuhakiki.

Nilikwenda Shituru. Waridi lilikuwepo, jekundu. Nilimuuliza jirani kama aliwahi kuona udongo ukiletwa.

“Maua ni yake,” alijibu kutoka upande wa pili wa ukuta. “Udongo ni ile ile ya sisi wote.”

Nilichota udongo nje ya ua wake, nikajaza ndoo mbili. Nyumbani nilipanda vipandikizi vya mwaridi mmoja katika zote mbili, ila majivu nilitia katika moja tu. Baada ya wiki chache vyote vilikuwa vya manjano. Mwenyekiti alipita, akachungulia, akaondoka akipiga mluzi.

Kabla ya kuandika kwamba njia imeshindwa, nilimwita mwenye makala aone.

“Majivu ulitosha wapi?” aliuliza, yaani niliyatoa wapi.

“Nyuma ya jikoni, pale tunapomwaga.”

“Inje? Mu mvua? Mama, nguvu yote ilishakwenda na maji! Minye ninaweka yangu mu bidon, nafunga. Njo ile ninapikia maharagi.”

Hapo nikaelewa. Kwake, majivu ni kitu cha jikoni, cha kulainishia maharagwe; hufungiwa ndani ya dumu, hayaachwi yakanyeshewa. Hakuona sababu ya kuliandika jambo ambalo kila mpishi wa mtaa wake analijua. Tuliongeza sentensi moja kwenye makala, nami nikaanza upya kwa majivu makavu.

Miezi michache baadaye, siku ya kikao, niliweka ndoo mbili mezani. Moja ilikuwa na kijiti kilichokauka. Nyingine, yenye majivu makavu, ilikuwa na waridi lililofunguka. Mwenyekiti alilinusa, akatia kidole kwenye udongo, akavuta shina kidogo. Halikutoka.

“Ukurasa wa kwanza,” alisema.

“Na picha, Prezida,” mama akadakia. “Picha kubwa. Weye usimame pembeni, ushike bidon ya majivu.”

Akaishika. Picha hiyo niliipiga mimi mwenyewe, na anayecheka zaidi ndani yake ni mama wa Shituru.