Mwalimu Elieza na Ng'ombe Anayeitwa Kadi

Jamani, toka juzi nakataa. Elieza amekufa? Huyu huyu Mnyiramba mbishi wa Ulemo? Nimempigia simu nimchokoze kidogo anikanushie, akapokea mkewe, analia.

Mimi Mnyaturu, yeye Mnyiramba, tumetaniana tangu nywele zetu nyeusi. Anayetaka kilio cha adabu apite ukurasa mwingine.

Kwa msiomjua: alikuwa mwalimu wa Commerce, sekondari moja hapa Singida mjini. Mfupi, suruali kaipandisha mpaka kifuani, chaki kwenye masikio.

Serikali ilipofungua soko huria, makampuni yakaja na kadi zao za mkopo. Chukua mali leo, lipa polepole. Mji mzima tukajaa kama nzi kwenye kibuyu cha maziwa.

Elieza akaanza kuwafundisha Form Six namna ya kuchagua kadi. Kwenye syllabus haikuwemo. Mkuu wa shule akamwita: "Mwalimu, unawafundisha watoto wa watu kukopa?"

"Hapana, boss. Nawafundisha kusoma kabla ya kusaini."

Sasa mimi niliishia darasa la nne, hesabu zilinifukuza. Nilitaka mashine ya kukamua alizeti. Fomu ya kadi nimeshasaini, dhamana nimeandika maksai wangu wawili, ndio walionilimia shamba lote. Ilibaki kuipeleka tu, jioni ile ile. Nikapita kwake shuleni kujitapa.

Hakunikemea. Aliisoma mbele na nyuma, akasema, "Mtani, njoo darasani uniigizie mteja mbishi. Kazi hiyo Mungu alishakuajiri."

Nikasimama mbele ya watoto arobaini. "Mzee wetu leo anaigiza mkulima wa alizeti anayetaka kadi," akawaambia. "Mwulizeni."

Akainuka binti mmoja. "Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama."

"Mzee, ukishindwa kulipa utafanyaje?"

Nikacheka. "Nitawarudishia kadi yao! Kwani kwenu hakuna? Mtu anakupa ng'ombe wake umtunze, maziwa unakunywa wewe, ukichoka unamrudisha kwa mwenyewe. Kuna kesi hapo?"

Darasa likatikisa vichwa kukubali, maana hata kwao ndivyo ilivyo. Nikajiona nimeshinda.

Elieza akagonga ubao. "Safi sana! Ila huyu ng'ombe wa kadi, ukimrudisha, mwenyewe anadai na maziwa uliyokunywa. Tena anayadai yakiwa samli!"

Lo! Walicheka mpaka madawati yakasogea. Toka hapo wakanibana kwa lugha yangu mwenyewe. Kadi hii, maziwa yanaanza kudaiwa siku ya ngapi? Usipomkamua, zizi unalipia? Ukichelewa siku moja, fimbo ngapi? Wakapanga mezani karatasi za makampuni matatu, wakazilinganisha mstari kwa mstari. Yangu, niliyoipenda kwa sababu walinipa na mwavuli, ikashika mkia.

Yule binti hakuchoka. "Mzee, alizeti unavuna mara ngapi kwa mwaka?"

"Mara moja."

"Na kadi inataka ulipe mara ngapi?"

Kila mwezi. Mimi, mwenye mdomo kama debe la mawe, nikaipapasa ile fomu mfukoni.

"Basi mzee," akasema taratibu, "ya kwako hapa haipo."

Nilitoka nikaichana ile fomu nyuma ya choo cha shule. Jirani yangu yeye aliichukua kadi ile ile. Msimu uliofuata maksai wake walishachukuliwa, akalima kwa jembe la mkono, yeye na mkewe. Wangu walivuta plau kama kawaida, na baada ya mavuno matatu mashine nikainunua, yangu, haina mwenyewe mwingine. Watoto wangu wote wamesomeshwa kwa mafuta yake.

Leo nasoma humu mtandaoni wanafunzi wake mnavyomlilia, wakubwa mmekuwa na vitambi vyenu, mmoja kaandika: "Namkumbuka yule mzee aliyekuja kuigiza, alijua sana kuigiza."

Wanangu, sikuwa naigiza. Ile fomu ilikuwa ya kweli na saini ilikuwa yangu. Mwalimu wenu alijua, na hakumwambia mtu. Alinitukana kila kitu mbele za watu, miguu yangu, ukoo wangu, mpaka mahari niliyotoa. Hilo hakuligusa kamwe.

Ndiyo maana leo nalisema mwenyewe, kifua mbele: nilifundishwa na Elieza.

Nenda, mtani. Lala unono, Mnyiramba wangu.