Hodi ya Bi Chiku Mikokoni

Bi Chiku alikuwa mtu wa adabu kupita kiasi. Akipita mbele ya kuku anayeatamia, humwomba radhi. Sasa mtu kama huyo aingie mikokoni bila kubisha hodi? Wapi! Kila maji yalipokupwa alisimama ukingoni na tenga lake, akaita, “Hodi wenyewe!” Akangoja. Ndege akilia, au kaa akichomoza shimoni, basi amekaribishwa, anatanguliza mguu wa kulia. Mama yake ndiye aliyemfunza, na wanawake wote wa kijiji kile cha Mtang’ata, kusini ya Tanga, walifanya vivyo hivyo. Kwa kaa na tondo, wale konokono wa mikokoni, wa tope lile Bi Chiku, mjane tangu ujanani, alilea watoto wanne, na sasa alikuwa akilisha wajukuu.

Mwaka wa hamsini na sita jumbe akawasomea barua. Serikali ilitaka kuifanya mikoko ile hifadhi ya ndege. Bwana Miti, ofisa wa misitu, angekuja siku moja kutazama. Akiona wanawake wanawafukuza ndege, basi pangefungwa, asiingie mtu.

“Utampeleka wewe, shoga,” alisema Sabiha, jirani yake. “Ukiharibu, tutakula mchanga.”

Bwana Miti akaja asubuhi kwa baiskeli. Jina lake Fanueli, Mbondei wa Muheza, kijana mpole, soksi zimempanda hadi magotini, darubini ndani ya mfuko wa ngozi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Machungwa ya kwenu yameiva?”

“Yameiva. Ningejua ningekuletea.”

Bi Chiku akampenda papo hapo, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Maana hodi ya kila siku ni moja tu. Lakini ukiwa na mgeni wa Serikali, tena mwenye heshima zake, utaingiaje naye na hodi ya kila siku? Alikuwa ameshawapanga wenzake kumi na wawili ukingoni, kila mmoja na kanga yake ya sikukuu. Wakaita hodi kwa sauti moja, kisha wakapiga vigelegele, virefu, vya harusi hasa.

Yangeyange, sululu, vitwitwi, ndege wote wakaruka kwa mpigo mmoja. Hata mmoja hakubaki. Fanueli alikuwa bado anahangaika na kifungo cha mfuko wa darubini.

“Kumbe huwa hivi kila siku?” aliuliza, akatoa penseli.

“Vigelegele ni vyako, mwanangu. Siku zote huwa hodi tu.”

Penseli ikaandika. Bi Chiku moyo ukampasuka. Aliona mlango wa riziki ukifungwa, na aliyeusukuma ni yeye mwenyewe, kwa mikono yake miwili.

Aliwarudisha wenzake nyumbani, akamwambia kijana, “Vua viatu, na hizo soksi. Twende.” Fanueli akasita, akavua. Ndani kabisa akamkalisha juu ya mzizi, akamkataza hata kukohoa, mwenyewe akainama kutifua tope.

Kwanza walikuja vitwitwi wawili. Halafu yangeyange akatua mbele ya Bi Chiku, karibu kama mtu unayekula naye sinia moja, akadonoa vidudu vilivyofukuliwa. Akaja wa pili, na wa kumi. Fanueli aliweka darubini chini, ndege walikuwa karibu mno. Alihesabu mpaka arobaini, akapotewa na hesabu.

“Wanakufuata wewe,” alinong’ona.

“Na mama yangu walimfuata. Nikichimba, nao wanakula.”

Fanueli alikaa pale mpaka maji yakaanza kujaa na suruali kulowa. Waliporudi ukingoni waliwakuta wale wanawake wamerudi kungoja jibu, naye akawasomea alichoandika: wanawake waendelee kuingia, kwa kuwa ndege huwafuata, ila waingie kimya. Mmoja alitaka kupiga kigelegele, Sabiha akamziba mdomo.

“Na hodi?” aliuliza Bi Chiku.

“Hodi nayo ni kelele, mama. Wakubwa wangu hawatakubali. Nong’ona basi.”

“Anayenong’ona hodi, mwanangu, ni mwizi anayetaka kujua kama wenyewe wamelala.”

Fanueli akacheka. Bi Chiku hakucheka. Aliwatazama wenzake kumi na wawili waliokuwa wakimwangalia mdomo.

“Haya,” alisema. “Andika kimya.”

Kesho yake waliingia bila neno. Ndege hawakushtuka hata kidogo, na matenga yakajaa kabla jua halijawa kali. Wote walikuwa na furaha, isipokuwa Bi Chiku aliyechimba bila kuinua kichwa.

“Una nini, shoga?” aliuliza Sabiha. “Si tumepata?”

“Tumepata. Naona haya tu. Nimeingia kwa watu bila hodi.”

“Watu gani? Hapa pana ndege tu.”

Bi Chiku alimtazama yangeyange aliyekuwa amesimama kando ya mkono wake, akimngoja atifue.

“Hao hao,” alisema, na machozi yakamlengalenga.