Wanawake wa Poland na Ubani Wangu wa Bellevue

"Hafiki muhula wa pili huyu," walisema wajomba zangu Tanga. Mmoja akaongeza kwamba Johannesburg itanirudisha na ndevu tu. Leo diploma yangu ya ukutubi imetundikwa sebuleni, kwenye fremu niliyoinunua mwenyewe, nao wakija kunitembelea huangalia sakafu.

Hawajui nilivyobanwa. Nilipanga Bellevue, katika nyumba kuukuu iliyokatwakatwa vyumba, kila mlango na geti lake la chuma. Ada nilikopeshwa na wapangaji wenzangu, karibu wote Wakongo. Mchana nilikwenda Randburg kumsomea bibi mmoja wa Kipolandi, mwalimu wa historia aliyepungukiwa na macho. Alikuwa akiandika juu ya wanawake wa kwao, karne nyingi nyuma, walioshtakiwa uchawi na wizi. Wasomaji wawili kabla yangu walishindwa naye. Mimi nilidumu.

Kesi moja ilinikaa akilini. Ng'ombe wa tajiri walikauka maziwa, mtumishi wake akaambiwa ameiba maziwa kwa uchawi. Walimtia ndani ya pipa, miguu isiguse ardhi asije akavuta nguvu humo. Alipokiri hawakutosheka, walitaka wenzake. Akawataja jirani zake, nao wakachukuliwa.

"Usimlaumu," bibi aliniambia. "Wewe hujawahi kukaa ndani ya pipa."

Ijumaa moja asubuhi nikakuta geti la nje limepigwa kufuli, hakuna kutoka. Mtoto wa chumba cha mbele alikuwa hapoi homa, maziwa yalikuwa yakipungua kwenye friji la pamoja, na kila Alhamisi jioni moshi wenye harufu ngeni ulipita chini ya milango. Wapangaji wakaamua mchawi ni jirani yangu wa ukuta mmoja, mjane msusi kutoka Uvira. Walikuwa wamemfungia chumbani mwake. Asipokiri angetolewa kwa kipigo, akikiri angetolewa hivyo hivyo. Msimamizi wa nyumba, Mkongo mwenzake, alisimama mbele ya geti la mjane na funguo mkononi.

"Mama, sema tu. Benzako ba uchawi ni ba nani?"

"Miye sina benzangu. Niko na rasta na vitana, basi."

"Na ule moshi?"

Mjane akanitazama kupitia nondo. Alijua. Kila usiku wa kuamkia Ijumaa mimi hufukiza ubani, kama mama yangu alivyofanya, na makaa nilikuwa naomba kwenye jiko lake. Neno moja tu, kufuli lingehamia mlangoni kwangu. Wakopeshaji wangu wote walikuwa wamesimama pale ukumbini, na mtihani wa mwisho ulikuwa unakaribia.

"Moshi sijui," akasema.

Mimi si mtu wa kujificha nyuma ya kitenge cha mjane. Nikaingia chumbani, nikatoka na chetezo, nikawasha makaa yaliyobaki, nikatia ubani mbele yao. Watu wakarudi nyuma.

"Harufu ndiyo hii?"

"Ni yenyewe!"

"Ubani huu. Ni wangu. Kwetu hata bi harusi anafukizwa."

"Eish! Mtu wa Tanga, kule kwa wachawi!" akapiga kelele mama wa yule mtoto. "Kumbe tulimkopesha mchawi!"

"Mchawi gani anakopa ada ya shule?" mjane akajibu kutoka ndani. "Si angeloga chuo?"

Mtu akacheka, kisha wengine. Msimamizi naye akashindwa kujizuia, akafungua geti la mjane. Mtoto akapelekwa kliniki.

Lakini mimi sikusamehewa. Kila mkopeshaji alitaka chake mwisho wa mwezi. Nikiingia jikoni, jikoni kunabaki kutupu. Nikipita ukumbini, mageti yanafungwa moja baada ya jingine. Sikuwa na uwezo wa kuhama wala wa kukaa. Nikauza kompyuta yangu, nikamsomea bibi hata siku za Jumapili, nikajifunzia mtihani ndani ya basi. Nikafaulu, tena vizuri.

Siku ya kulipa nilipita mlango hadi mlango, mjane akiwa shahidi wangu, kila mmoja akipewa chake mkononi, mbele za watu. Wa mwisho alikuwa mjane mwenyewe, kwani naye alinikopesha. Nilitegemea angalau machozi. Akahesabu, akahesabu tena.

"Papa, hii inapunguka."

Nikatoa noti nyingine mfukoni, nikampa. Tangu hapo sidaiwi na mtu.