Fundi Alivyolifumua Neno

Asubuhi hiyo fundi cherehani alishona mkono wa kushoto wa gauni upande wa kulia, mara ya pili. Akausukuma pembeni. Mguu wake uliendelea kukanyaga pedali, ingawa sindano haikuwa hata na uzi.

Saa nane mama yake alitakiwa awe hospitali kwa upasuaji, na fomu ya ridhaa bado haikuwa na sahihi. Si kwamba bibi wa watu aliogopa kisu.

"Mwanangu," alisema jana, uso kaelekeza ukutani, "baba yako aliamka na jina lake. Adhuhuri wakamwita marehemu. Jina wakalitupa kama ganda la ndizi. Neno hilo silitaki. Kama hujui maana yake, usiniletee kalamu."

Fundi alikuwa mwaka wa pili darasa la Kiarabu la wanawake. Kwa majisifu kidogo, Mungu amsamehe, akasema, "Nitakutafutia, mama." Akaazima kamusi ya ustadha, mwalimu wake wa darasani, nene kama tofali. Tangu alfajiri alikuwa akifungua herufi ya mim, m ya Kiarabu, akilitafuta neno marehemu, kidole juu hadi chini, anageuza, anarudi. Hakuna. Anatunga uzi, anauchomoa, anafungua tena. Hakuna. Ikagonga saa tano.

Akajitanda mtandio, akaenda mguu mosi mguu pili hadi kwa ustadha, nyumba ya nne. Alimkuta akianika mashuka.

"Kamusi yako mbovu."

"Waalaikumu salamu," alijibu ustadha, ambaye hakusalimiwa.

"Nisamehe. Marehemu hayumo."

"Umemtafuta wapi?"

"Kwenye mim. Kwani anaanzia wapi?"

Ustadha akakitoa kibanio mdomoni ili acheke vizuri. "Wewe mteja akikuletea gauni uligeuze blauzi, unaanzaje?"

"Nalifumua."

"Unabaki na nini?"

"Kitambaa."

"Basi Waarabu nao washonaji. Kitambaa chao aghalabu ni herufi tatu. Wana karatasi ya kukatia mtenda, nyingine ya mtendwa, nyingine ya mahali. Katibu, kitabu, maktaba, zote zimetoka jora moja. Kamusi yangu imepanga vitambaa, dada, haikupanga nguo. Hiyo ma ya mbele ni kola tu. Fumua."

Fundi akasimama, midomo ikimcheza, akitoa kola, akitoa vifungo. Zikabaki ra, ha na mim. Akaondoka bila kuaga, shuka moja likidondoka nyuma yake.

Nyumbani mama yake alikuwa ameketi kitandani, viatu miguuni, fomu juu ya mto. Fundi akaketi karibu, akafungua kwenye ra. Kwa haraka akapitiliza kurasa mbili, akarudi.

"Ni rehema, mama. Marehemu ni aliyerehemiwa. Ni dua wanamwombea, si kwamba wamemnyang'anya jina." Akashusha kidole. "Na hapa chini, tumbo la uzazi nalo wanaliita rahim. Jora lilelile."

Mama akaweka kiganja tumboni.

"Tumbo nililokubebea?"

"Hilohilo."

"Ndilo wanaloenda kulitoa leo."

"Ndilo, mama."

"Ulilipiga mateke miezi tisa, hukuniacha nikalala. Kwa mguu huohuo." Akautazama mguu wa mwanawe, uliokuwa ukikanyaga sakafu kana kwamba kuna pedali. "Lete kalamu. Na huo utulize, utanitikisia sahihi."

Fundi akalikandamiza goti kwa mikono miwili. Mguu ukatulia mpaka sahihi ikaisha, kisha ukaanza tena.