Darasa la Nane Lisilo na Paa

Baba mdogo aliapa kwamba mdogo wangu wa kike hataolewa kabla ya kumaliza shule ya msingi. Aliapa siku tulipomaliza matanga ya mama, akiwa ameketi kwenye mkeka wetu pale mtaani Wabera, wazee wa msikiti wakisikia. Baba alikuwa ametangulia. Mimi nilikuwa darasa la tano na sikurudi tena shuleni. Hakuna aliyenikataza. Asubuhi iliyofuata kulikuwa na watoto wawili wa kulishwa, msichana na mvulana, nami nikawasha moto.

Shule ya msingi wakati ule ilikuwa na madarasa saba. Kila mtu alijua hivyo, kama anavyojua kwamba wiki ina siku saba. Kwa hiyo kiapo cha baba mdogo kilikuwa na mwisho wake, na mimi niliuona ukija tangu mbali.

Nilikuwa nauza chai kwenye kizuizi cha polisi, mahali malori ya kwenda kaskazini yalipongoja kuruhusiwa kupita. Mwaka ule mdogo wangu wa kike alipokuwa la saba, mvua haikunyesha. Ng'ombe wa baba mdogo walikufa huko Merti, wakabaki mbuzi, kisha mbuzi nao wakaanza kulala bila kuamka. Watu wakala mahindi ya manjano ya msaada. Kulikuwa na mtu mmoja mwenye lori hapa mjini, mtu mzima aliyefiwa na mkewe, ambaye alimsaidia baba mdogo kuhamisha mifugo iliyobaki. Hakuomba malipo. Baadaye alimwomba amwoze msichana.

Baba mdogo alinitumia habari kupitia kwa utingo: mwaka ukiisha, akimaliza la saba, aolewe. Nikajibu kwamba nimesikia. Sikulia. Kiapo kingekuwa kimetimizwa, ningesema nini? Mdogo wangu nilimwambia jioni hiyo, akaendelea kuchambua mchele. Kisha akauliza kama mwenye lori ni yule mwenye jino la dhahabu. Nikasema ndiye.

Halafu redio ikasema. Mimi nilisikia kwa dereva mmoja aliyeinama dirishani na kikombe chake.

"Mama chai, umesikia? La saba si mwisho tena. Wameongeza moja."

"Nani ameongeza?"

"Nairobi."

"Kwa nini?"

"Unaniuliza mimi, ambaye la pili lenyewe lilinishinda? Ongeza sukari."

Nilimwongezea sukari.

Mji mzima ulilalamika. Mtihani wa la saba haukufanywa mwaka ule. Watoto waliokuwa tayari kuufanya waliambiwa wasubiri la nane. Zilitajwa kazi za mikono, kilimo na upishi, masomo ambayo vitabu vyake havijafika. Nilikuja kuelewa jinsi mambo ya shule yanavyoendeshwa. Amri hutoka Nairobi, ikafika kwa afisa wa elimu wa wilaya, naye akampa mwalimu mkuu, naye akampa mtoto, na mtoto akaja nayo nyumbani mdomoni: "Dada, mzazi anaitwa shuleni." Hapo ndipo amri ilipoishia, kwangu.

Kwenye mkutano nilikaa nyuma, upande wa akina mama. Mzee mmoja aligeuka akanitazama.

"Na huyu ni mzazi wa nani? Hata leso yake haijapauka!"

Watu wakacheka. Mwalimu mkuu, Mmeru mrefu mwenye sauti ndogo, hakucheka. "Ni mzazi wa watoto wawili hapa," alisema. "Mzee, wako ni mmoja, na anachelewa."

Wakacheka tena, safari hii hawakunicheka mimi. Kisha akaeleza. Serikali italeta mwalimu na mtihani. Kuta ni za wazazi. Shule isiyokuwa na chumba cha la nane siku ya kufungua haitapewa darasa, na watoto watakaa nyumbani mpaka wapatiwe nafasi kwingine. Asiye na pesa alete mawe au mchanga.

Nikasema nitaleta mawe.

Baba mdogo alikuja baada ya siku chache. Alikuwa amekonda. Nilimpa chai kabla ya maneno.

"Salaam aleikum nimeshasema," alianza, "sasa niambie. Nasikia shule haijaisha."

"Haijaisha, baba. Imebaki la nane."

"Tulisema la saba."

"Ulisema mpaka amalize shule ya msingi. Wazee walikuwepo."

Alizungusha kikombe. "Kwa hiyo umeusogeza mwisho."

"Si mimi. Ni serikali."

"Hiyo serikali ilikuwa wapi mbuzi wangu wakifa?"

Alikuwa na wake na watoto wake, na deni la shukrani kwa mtu ambaye hakuomba malipo. Nilijua hivyo, naye alijua kwamba najua.

"Hilo la nane liko wapi?" aliuliza.

"Litajengwa."

"Basi nitakuja shule ikifunguliwa. Nionyeshe. Mimi siwezi kumwambia mtu angojee kitu ambacho hakipo. Kama lipo, kiapo kipo. Kama halipo, msichana amemaliza."

Tuliokota mawe meusi nje ya mji, mimi na wadogo zangu, kabla ya chai na baada ya chai. Mvulana alibeba madogo. Mawe hayo yana matundu na hukwaruza shingo. Sikumbuki nikifikiri lolote. Nakumbuka jua, na mdogo wangu akiniuliza, "Dada, wakiongeza la tisa je?"

"Tutabeba tena."

"Na la kumi?"

"Kwanza shika hili."

Wapo waliolipa, wapo walioleta mchanga wa mtoni, wapo ambao hawakuonekana. Ukuta ulifika kiunoni, ukapita kiuno, saruji ikaisha. Shule ilipofunguliwa ulikuwa umefika kifuani. Hapakuwa na dirisha kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuliweka. Paa halikuwepo kabisa.

Baba mdogo alifika wiki hiyo hiyo. Tulitembea pamoja mpaka shuleni. Nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba tumeshindwa, na uamuzi huo haukuniuma, kama vile mguu uliokufa ganzi usivyouma.

Vichwa vya watoto vilionekana juu ya ukuta pale waliposimama kujibu, kisha vikatoweka. Mwalimu alikuwa na ubao ulioegemezwa kwenye mawe. Mdogo wangu alikuwa mstari wa mbele, leso juu ya kichwa kwa ajili ya jua. Alituona. Akaendelea kuandika.

Baba mdogo aliuzunguka ukuta wote, polepole, akiupigapiga kwa fimbo yake. Alisimama mlangoni, penye pengo.

"Nyumba hii haijaisha," alisema.

"Haijaisha."

"Haina paa."

"Haina."

Aliwatazama watoto. "Boma nalo halina paa," alisema. "Na hakuna mtu anayesema halipo wakati wanyama wamo ndani."

Nikamtazama.

"Amalize," alisema. "Nitaenda kumwambia yule bwana mwenyewe. Neno la namna hii halitumwi kwa utingo."

Yule bwana hakungoja. Kabla mvua ndefu hazijaisha alikuwa amemwoa mwanamke wa Garba Tulla, na lori lake likaendelea kupita kizuizini. Alikunywa chai kwangu kama kawaida, akasalimia kwa adabu.

Mwisho wa mwaka, mdogo wangu alifanya mtihani chini ya mabati ambayo yalikuwa yamefika siku chache tu kabla yake. Aliitwa kidato cha kwanza, shule ya bweni ya wasichana, mbali. Baba mdogo alikuja tena, mvua ikiwa imerudi na uso wake pia.

"Amemaliza?"

"Amemaliza msingi. Sasa kuna sekondari, miaka minne."

"Hii shule yenu haina mwisho," alisema. Kiapo chake kilikuwa kimeisha na alikuwa huru kusema lolote. Aliomba kikombe cha pili. Kisha akauliza sanduku la msichana liko wapi, akalifunga kwa kamba ya ng'ombe, kwa sababu kufuli lake lilikuwa bovu.

Alfajiri alilibeba begani mpaka stendi. Mdogo wangu alinishika mkono, akasubiri niseme neno. Nikamwambia asiweke viatu vipya juani. Basi lilipoondoka nikarudi kizuizini. Malori yalikuwa yamekwisha jipanga, na maji yalikuwa hayajatelekwa.