Wezi Waliokamatwa na Lutengano

Lutengano alirudi Kyela kutoka Mbeya na cheti cha kompyuta, viatu vyenye ncha na tabia ya kujibu swali kabla halijaisha. Alifungua ofisi karibu na stendi, akabandika mlangoni neno Injinia, nasi tukamwita hivyo hivyo. Kwetu mtu huitwa anavyojiita mpaka siku atakayoumbuka.

Wakati huo kikundi chetu cha wakulima wa mpunga, Busale, kilikuwa na tovuti. Ilikuwa na picha ya mwenyekiti wetu, Andongwisye, amesimama kwenye shamba lisilo lake, na anwani ya barua pepe yenye jina la kikundi. Katibu wetu, Felista, ndiye aliyeandikiana na wanunuzi wa mijini. Siku moja mnunuzi wa Dar es Salaam akapiga simu kuuliza kwa nini tumemwandikia kwamba mchele umeisha, aende ghala fulani la mtu tusiyemjua. Hatukuwa tumeandika. Kuna mtu alikuwa akituma barua kwa jina letu, kama wale wanaojaza mchele wa kwingine kwenye magunia yaliyoandikwa Kyela.

Andongwisye akamwita Lutengano. Kampuni inayotuhifadhia barua pepe ilikuwa imeshatuma maelekezo, na Lutengano aliyasoma akiwa amesimama, mkono mmoja mfukoni. Yalitaka rekodi tatu ziwekwe kwenye domeini yetu, yaani jina letu la mtandaoni. Ya kwanza, SPF, inataja seva, yaani kompyuta za barua, zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina letu. Ya pili, DKIM, inaiwezesha barua kubeba sahihi ambayo mpokeaji anaweza kuihakiki. Ya tatu, DMARC, inawaambia wapokeaji waifanyeje barua isiyopita ukaguzi huo. Lutengano aliziona mbili za kwanza kuwa mambo ya waoga. Akaweka ya tatu peke yake, na alipotakiwa kuchagua kati ya kutazama tu, kuweka kando au kukataa, akachagua kukataa.

"Mwenyekiti, mwizi habembelezwi," alisema.

Basi tukawa tumeweka mlinzi getini, tumemwamuru amfukuze kila asiye na kitambulisho, na hata wenye nyumba hatukujipa vitambulisho. Juu ya hayo Lutengano akatushauri tuifunge namba ya simu ya kikundi, kwa kuwa simu ni ushamba, nasi tukaifunga.

Felista alipowaandikia wanunuzi habari za mavuno mapya, zikaanza kurudi barua za Kiingereza zilizojaa maneno ya kukataa. Alimuuliza Lutengano, akaambiwa hizo ni taarifa za wezi waliokamatwa, kila barua na mwizi wake. Felista alifurahi. Tusimwonee, sote tulifurahi. Kwenye mkutano Lutengano alisimama kutusomea taarifa ya ukamataji. Mtu mmoja akauliza mbona wezi huongezeka kila Felista anapokazana kuandika. Lutengano akajibu bila kupepesa kwamba biashara ikichangamka, na wizi huchangamka. Wazee wakamshukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, wakampa jogoo. Andongwisye alitaka apewe na kiti cha mbele kanisani, lakini mchungaji akasema vya mbele vimejaa.

Wanunuzi wakanyamaza. Mchele ukalala ghalani mpaka fukusi wakaujua. Andongwisye alisema watu wa mjini wana dharau. Lutengano alisema kimya ni dalili ya usalama.

Ndipo akaja Tumpale, wakala wa yule mnunuzi wa Dar es Salaam, na lori. Tulikimbilia kufungua ghala, kumbe lori limeshajaa. Alikuwa amenunua kule Ndandalo, kwa kikundi kisicho na tovuti wala injinia, ila kina simu na mtu wa kuipokea. Kwetu alipita tu kuuliza kama tumekosana na mnunuzi wake. Felista alijitetea kwamba tumeandika sana, tatizo ni wezi, na akawasha kompyuta amwonyeshe. Tumpale alisoma barua moja ya kukataliwa hadi chini.

"Dada, mwizi huyu unamfahamu?"

Felista akainama. Chini ya kile Kiingereza ilikuwapo barua yake mwenyewe, salamu zake, jina lake.

"Ni mimi," akasema.

Lutengano alipoitwa alishikilia kwamba mfumo umefanya kazi, haujapitisha mwizi hata mmoja.

"Hata chungu kilichopasuka hakiibwi," Tumpale akamjibu, akapanda lori.

Safari hii Andongwisye alimkalisha Lutengano kwenye kiti, maelekezo mbele yake, sisi tukiwa tumemzunguka. Akaweka rekodi ya kwanza, akaweka ya pili, akaishusha ya tatu hadi kutazama tu. Barua za Felista zikaanza kufika. Zilipothibitika kupita zote, akairudisha ile ya tatu kwenye kukataa, sasa ikikataa wanaostahili. Lakini mchele wenye fukusi ulichukuliwa na wachuuzi wa Kasumulu kwa bei waliyoitaja wao.

Hakuna aliyemkemea Lutengano. Andongwisye angeanzia wapi, wakati yeye ndiye aliyeongoza makofi? Kwenye taarifa ya mwaka alisema mawasiliano ya kikundi yameboreshwa. Majuzi wakulima wa kakao wa Bujonde wamemchukua Lutengano awe mshauri wao. Hawakuja kutuuliza habari zake, nasi, kwa aibu, hatukwenda kuwaambia.