Bamia Haingoji Kama Pamba

Nakumbuka asubuhi moja pale Lipangalala, ukungu wa bondeni ukiwa bado umelala juu ya mpunga, nimesimama katikati ya matuta ya bamia ya mama, kisu mkononi, na sikati kitu. Ilikuwa miaka ya tisini. Usicheke, mwanangu. Nilikuwa nimetoka kuhitimu chuo, na elimu yangu yote ilikuwa imenifundisha kulitazama jambo kutoka pande nne, kisha kuanza upya.

Mama alikuwa ameenda kijiji cha Mbingu kumuuguza dada yake. Aliniachia bustani na agizo moja: "Chuma kila baada ya siku moja, asubuhi. Usiruke." Mezani kulikuwa na barua pia. Shule moja upande wa Chita ilinitaka nikafundishe, nijibu upesi. Nilikuwa nimeshaandika majibu matano. La kwanza niliona lina unyonge, la pili majivuno. La tano nadhani halikuwa na kosa lolote, na ndiyo maana nililiogopa.

Na bamia vilevile. Nashika moja, changa, yenye vinyweleo, najiambia kesho itakuwa imenenepa. Kesho yake nasema kesho. Halafu yale maua, mwanangu, yalinilevya. Manjano hafifu, katikati jicho la zambarau nzito. Yanafunguka na jua, jioni yamejikunja kana kwamba hayakuwahi kuwepo. Nilikaa kwenye tuta nikiyatazama, siku zikinipita kimya kama vivuli vya mawingu juu ya majaruba.

Siku ya tisa akaja Mama Kabula, jirani yetu Msukuma, ambaye familia yake ilihamia bondeni na ng'ombe wao. Alizoea kutuletea maziwa, nasi tukimpa bamia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, msomi. Haya, mboga yangu iko wapi?"

Nikampeleka bustanini. Akaisukuma ncha ya bamia moja kwa dole gumba. Haikukatika, ilipinda tu. Akajaribu nyingine, na nyingine. Kisha akacheka mpaka akatua kibuyu cha maziwa chini.

"Hii mboga au pembe? Mume wangu atasema nimemchemshia kamba za kufungia ndama!"

"Nilisubiri zikue, mama."

Kicheko kikakatika. Akaliinamia ua moja. Nikaona kumbe bustani nzima lilikuwa limebaki hilo moja tu.

"Kwetu tulilima pamba," alisema. "Ua lake linafanana na hili, ni ndugu hawa. Na choya yenu ile ya uani, ya kutengenezea juisi, ndugu yao. Lakini pamba unaiacha mtini mpaka ipasuke yenyewe. Choya unaingoja iwe nyekundu. Bamia haingoji. Wewe umelima bamia ukaikalia kama pamba, ng'wanawane." Ndivyo Wasukuma wanavyosema 'mwanangu'. "Tena ikikomaa, mti unaona umeshapata mbegu, unaacha kutoa maua. Hujapoteza hizi tu. Umezuia na zijazo."

Tukazikata zote, mimi na yeye. Mikono iliniwasha mpaka jioni.

Asubuhi iliyofuata sikuandika jibu la sita. Nilipanda treni hadi Chita. Mwalimu mkuu alinipokea kwa upole, akanionyesha dirishani kijana anayeandika ubaoni. Alikuwa amefika juzi.

Nilirudi nyumbani, nikapalilia matuta. Baada ya wiki kadhaa bamia zilitoa maua tena, machache, nami nikazichuma kila baada ya siku moja, bila kuruka. Mwaka uliofuata ikaja barua kutoka shule nyingine. Niliijibu siku ileile, jibu likiwa na doa la wino. Huko ndiko nilikofundisha mpaka nikastaafu.

Mwanangu, nimesikia nawe una barua, umeilalia siku ya ngapi sijui. Sikuambii uharakishe kila kitu. Yapo ya kungojwa mpaka yapasuke yenyewe, na mwenye pupa huyaharibu. Ninachokuomba, kabla hujaanza kuwaza, uliza kwanza ulichoshika ni mmea gani. Bonyeza ncha. Ikikatika kirahisi, chuma leo, hata kama ni ndogo.

Mungu akuamshe mapema penye bamia, akutulize penye pamba. Na ukikuta imeshakomaa, akupe mkono wa kukata, na maua mengine baadaye.